Subira ya Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Ndugu zetu wa pwani walioko Kitale na Bungoma kwa kazi na biashara wana mtihani wao. Darsa ikianza na watu kumi, huenda baada ya mwezi wakabaki watatu. Hapo mwalimu huvunjika moyo akaifunga, kisha akanyamaza, akidhani kuwa kunyamaza ndiko kusubiri. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu ni maisha ya Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kisha alivuka kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

Aliona Waislamu wameachwa nyuma katika ilimu, mali zao zikipotea kwa fakhari, na uzushi ukidhaniwa kuwa dini. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili mwenye duka na baharia wafahamu. Wapo waliochukizwa na maneno yake, na magazeti hayo hayakudumu. Lakini yeye hakuweka kalamu chini: aliandika vitabu vya dini, akasomesha, na hata alipokuwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, hakuacha kazi ya kuzindua watu.

Alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Mauti yalimfika mwaka 1947 kabla hajaimaliza. Je, alipata hasara? Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy.

Enyi ndugu wa Kitale, mwawaona wakulima jirani zenu. Hupanda mahindi kwa mvua za Machi na Aprili, na hawavuni mpaka mwisho wa mwaka. Lakini baina ya siku hizo mbili jembe halilali. Hiyo ndiyo subira. Basi wakibaki watatu, wasomesheni hao watatu. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atujaalie kufuata mwendo wake. Amin.