Percy Qoboza: Mhariri Aliyekwenda Mbali Akaiona Nyumbani

Kila waandishi wetu wa magazeti wanapoalikwa ng'ambo kufunzwa namna ya kuandika habari za haki za binadamu, hapakosi wenye kunung'unika. Huuliza: Mzungu atamfunza nini Mwafrika kuhusu dhuluma anayolala nayo na kuamka nayo? Swali hilo lina uzito. Jibu lake, kwa maoni yangu, limo katika maisha ya Percy Qoboza wa Afrika Kusini.

Qoboza alizaliwa tarehe 17 Januari 1938 mtaani Sophiatown, Johannesburg. Kuanzia mwaka wa 1955 serikali ya makaburu iliubomoa mtaa huo na kuwahamisha Waafrika kwa nguvu ili Wazungu wapate makao. Kijana huyo alisomea theolojia, lakini mwaka wa 1963 akajiunga na The World, gazeti lililosomwa na Waafrika ingawa lilimilikiwa na kampuni ya Wazungu. Visa vya uhalifu na kandanda vilitia fora katika kurasa zake. Mwaka wa 1974 akawa mhariri.

Mwaka wa 1975 alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa ufadhili wa Nieman ambao huwapa wanahabari mwaka mmoja wa masomo. Tusidhani kwamba huko ndiko alikojulishwa kuwa kipande ni dhuluma. La hasha! Hilo alilijua tangu utotoni. Kilichomshtua ni kwamba, alipoishi miezi kadhaa bila kudaiwa kipande na yeyote, aligundua kuwa nyumbani alikuwa ameizoea dhuluma hata akaiona kuwa sehemu ya maisha. Mazoea yana taabu.

Si kila aliyekwenda huko alijaliwa kurudi. Nat Nakasa, mwandishi mwenzake, alipata ufadhili uo huo mwaka wa 1964. Serikali ilimnyima pasipoti, akaondoka kwa kibali kilichomkataza kurejea kwao. Julai 1965 alifariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 28, na mifupa yake haikurudishwa Afrika Kusini hadi mwaka wa 2014.

Qoboza alirejea mwaka wa 1976, mwaka ambao Soweto iliwaka moto. Tarehe 16 Juni polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi, na The World likachapisha picha ya mpiga picha wake, Sam Nzima, ya mtoto Hector Pieterson akiwa amebebwa baada ya kupigwa risasi. Ulimwengu mzima uliiona. Chini ya Qoboza gazeti hilo likawa mwiba kwa watawala. Tarehe 19 Oktoba 1977, mwezi mmoja baada ya Steve Biko kufia mikononi mwa polisi, Waziri wa Sheria, Jimmy Kruger, alilipiga marufuku. Qoboza alitiwa kizuizini kwa miezi kadhaa bila kufikishwa mahakamani.

Alipoachiliwa hakunyamaza. Akiwa mhariri wa Post, mwaka wa 1980 aliongoza kampeni ya kukusanya sahihi za kudai Nelson Mandela aachiliwe. Gazeti hilo nalo likazimwa. Baadaye akaliongoza City Press. Alifariki tarehe 17 Januari 1988, siku aliyotimiza miaka 50, na hakuiona ile siku ya Februari 1990 ambapo Mandela alitoka gerezani.

Twajifunza nini? Kwanza, mafunzo ya ng'ambo hayampi mwandishi macho mapya. Humwondolea tongotongo la mazoea. Pili, na hili ndilo husahauliwa, Qoboza alirudi akiwa mhariri. Alikuwa na mamlaka ya kuamua kitakachochapishwa. Kijana anayerejea na cheti, akamkuta mhariri mwoga na mwenye gazeti anayewaogopa wakubwa, habari zake za waliobomolewa vibanda au kuteswa katika seli zitaishia kwenye droo. Baada ya mwaka mmoja, tongotongo litamrudia.

Basi wafadhili wanaopenda kutusaidia wasimwalike ripota peke yake. Wamwalike na mhariri wake, na ikiwezekana mwenye gazeti pia. Kumfunza mmoja kuona huku tukimwacha mwingine amfumbe macho ni kutwanga maji kwenye kinu.