Reli Zilinyooka, Kauli Ikapinda

Kila niendapo Garissa hupitia Thika, ambako reli huelekea Nanyuki na barabara yetu hugeukia mashariki peke yake. Hapo humkumbuka Sir Percy Girouard.

Mkanada huyu, mzaliwa wa Montreal mwaka 1867, alikuwa bingwa wa reli. Aliijenga ya jangwani kutoka Wadi Halfa, Sudan, akaziongoza za Afrika Kusini wakati wa Vita vya Makaburu, akaianzisha ya kwenda Kano, Nijeria. Mwaka 1909 akafanywa gavana wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya.

Hakuangushwa na reli, bali na kauli yake. Wamaasai walipokuwa wakihamishwa Laikipia, aliwakania wakubwa wake wa London kwamba hakuwaahidi walowezi ardhi ile. Ikabainika kuwa aliwaahidi. Mwaka 1912 akajiuzulu, asipewe koloni nyingine hadi alipofariki mwaka 1932.

Lakini tusidanganyike, wanafunzi wangu. Aliadhibiwa kwa kuwaficha wakubwa, si kwa kuwadhulumu wanyonge. Wamaasai walihamishwa vivyo hivyo. Garissa nayo imeahidiwa reli ya kutoka Lamu. Tuwaulize waahidi wetu: wanawajibika kwa nani?