Mtakatifu Bernard wa Menthon, Mlinzi wa Wasafiri wa Milimani

Wakatekumeni wapenzi, katika Ulaya iko milima mirefu iitwayo Alpi. Vilele vyake vimefunikwa na theluji, kama vile vya Ruwenzori ambavyo ndugu zetu wa upande wa Beni huviona mawingu yanapoondoka. Kati ya Uswisi na Italia njia ya zamani hupita juu ya milima hiyo, kwenye kimo cha mita 2,469. Warumi wa kale walijenga hapo hekalu la mungu wao Jupiter. Baadaye mahujaji wengi walipita huko kwenda Roma, kusali penye kaburi la Mtakatifu Petro.

Katika karne ya 11 aliishi Aosta, chini ya njia ile, padri mmjoa jina lake Bernard. Huyu siye Bernard abati wa Clairvaux, aliyezaliwa baadaye. Alikuwa arkidiakoni, maana yake msaidizi mkuu wa askofu. Aliwaona wasafiri wakishuka mlimani wamenyang'anywa mali na wevi, vidole vimekufa kwa baridi. Tena wengine hawakushuka kamwe, kwa sababu theluji iliwafunika.

Sikilizeni jinsi theluji inavyoua. Katika miezi ya baridi huanguka tabaka juu ya tabaka, wala tabaka zote hazishikamani vema. Miezi ya Machi, Aprili na Mei jua hupata nguvu. Maji ya theluji inayoyeyuka hupenya ndani na kulegeza tabaka zile. Ndipo mteremko mzima huporomoka kwa kishindo, ukivunja miti na kuwazika watu. Msafiri mgeni huona jua zuri na mbingu safi, akadhani hatari imekwisha. Kumbe ndiyo saa yake.

Bernard hakutosheka na kuwahurumia tu. Karibu mwaka 1050 alijenga nyumba ya wageni juu kabisa, karibu na magofu ya hekalu lile la kipagani. Akaweka humo watumishi wa Mungu wa kumpokea kila apitaye, tajiri au maskini, bila kumwuliza kabila lake wala kumdai malipo. Yeye mwenyewe aliendelea kuhubiri Injili mpaka alipokufa katika mji wa Novara, mwezi wa Juni, miaka ya 1080.

Kazi yake haikufa. Mapadri wa nyumba ile, waitwao wakanoni, walirithi moyo wake. Pamoja na watumishi wao walitoka kuwalaki wasafiri, wakichukua mkate na divai. Siku za ukungu walipiga kengele, ili waliopotea wafuate sauti. Kwa fimbo ndefu walichoma theluji kuwatafuta waliozikwa. Baadaye walifuga mbwa wakubwa wenye pua kali; mmoja, Barry, aliyeishi tangu 1800 hata 1814, yasemekana aliokoa watu wapatao 40. Wakanoni na watumishi kadhaa walikufa wenyewe chini ya theluji, wakiwatafuta wengine.

Wenyeji wa milima hiyo hushika desturi za busara. Huondoka alfajiri, theluji ingali ngumu kwa baridi ya usiku, nao hufika kabla ya jua kupanda sana. Penye mteremko wa hatari hupita mmoja mmoja, wenzake wakimtazama, ili wasizikwe wote pamoja. Hawapumziki chini ya mteremko uliolemewa na theluji. Siku hizi huchukua pia sepetu, fimbo ya kuchomea, na chombo kidogo cha redio kinachoonyesha alipo mtu aliyezikwa. Huchimba upesi sana, kwa maana dakika 10 au 15 za kwanza ndizo zenye tumaini kubwa. Na ishara zikiwa mbaya, hurudi nyuma bila aibu.

Mwaka 1681 Papa Inosenti XI alimwandika Bernard katika orodha ya watakatifu. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye zamani alikuwa mpanda milima hodari, alimweka kuwa mlinzi wa wakaao na wasafirio katika milima ya Alpi. Nyumba yake ingali inapokea wageni, na mlango wake haufungwi kwa ufunguo.

Wakatekumeni, tujifunze mambo mawili. Kwanza, kumtumaini Mungu si kumjaribu. Shetani alipomshawishi Bwana Yesu ajitupe toka juu ya hekalu, Yeye alikataa. Basi anayevuka mto uliofurika kwa kiburi, akisema Mungu atamlinda, hamheshimu Mungu. Pili, upendo wa kweli hujenga nyumba mahali penye hatari, si mahali penye raha tu. Ninyi mnaoiendea sakramenti ya Ubatizo, je, mlango wenu u wazi kwa mgeni afikaye usiku?

Maswali ya kujibu pamoja na katekista:
1. Kwa nini theluji huwa ya hatari jua linapopata nguvu?
2. Bernard alifanya nini zaidi ya kuwahurumia wasafiri?
3. Katika kijiji chetu, ni nani aliye njiani naye hana wa kumpokea?