Ibn al-Haytham na Namba Tasa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wengi wetu tukilisikia jina la Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, Allah amrehemu, hukumbuka Kitab al-Manazir, kitabu chake cha nuru na jicho. Leo tunamtaja kwa jambo lisilosemwa sana: namba tasa, yaani namba isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 31.

Alizaliwa Basra mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Wanahistoria wanasimulia kwamba al-Hakim, mtawala wa Misri, alisikia kuwa mtu huyu anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, akamwita. Ibn al-Haytham alipanda mto hadi upande wa Aswan, akayaona majengo ya watu wa kale, akatambua kuwa lau kazi ile ingewezekana mafundi wale wangeshaifanya. Akarudi Cairo akakiri. Al-Hakim hakuwa mtu wa kuaminika roho yako mikononi mwake, basi mwanachuoni akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikazuiliwa, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria (1021). Baada ya hapo alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akila kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy na kuviuza. Sisi tunauona ukubwa wake hapo zaidi kuliko mbele ya watawala.

Katika hisabu alijiuliza: ni namba gani ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 inabaki 1, lakini kwa 7 haibaki kitu? Akazidisha 2 kwa 3 kwa 4 kwa 5 kwa 6, akapata 720, akaongeza 1. Hiyo 721 ni 7 mara 103. Kisha akasema sifa hii ni ya kila namba tasa: zidisha namba zote zilizo chini yake, ongeza 1, jawabu litagawika kwa namba ile bila baki. Ijaribuni 5: 24 na 1 ni 25. Ijaribuni 6, ambayo si tasa: 120 na 1 ni 121, na 121 haigawiki kwa 6.

Vitabu vya shule huiita kanuni ya Wilson, Mwingereza wa karne ya 18. Tusimpe Ibn al-Haytham asichokuwa nacho: uthibitisho ni wa Lagrange, mwaka 1771. Lakini kauli yenyewe ilishatamkwa na mtu wa Basra zaidi ya miaka 700 kabla, na vijana wetu wana haki ya kulijua hilo.

Alishughulikia pia namba timilifu, kama 28, ambayo ni jumla ya vigawanyo vyake 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alizipata kutokana na namba tasa za namna maalumu: 2 mara 2 mara 2 ni 8, toa 1 upate 7, na 7 mara 4 ni 28. Ibn al-Haytham alitaka kuonesha kuwa kila namba timilifu ya shufwa hutoka kwa njia hiyo. Hakufika mwisho, alikuja kumaliza Euler. Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, kubwa kuliko zote zilizojulikana kabla yake, ni ya namna hiyohiyo: zidisha 2 zipatazo 136,279,841, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320, nayo inazaa namba timilifu yake.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo karibu na mwaka 430 Hijria.