Dwight Frye: Mwigizaji aliyezoea kufa kabla filamu haijaisha

Bila shaka umewahi kuketi na marafiki mkitazama filamu ya kutisha, na kabla dakika kumi hazijaisha mmoja wenu akamwonyesha mhusika fulani kwa kidole na kusema huyo hafiki mbali. Mkacheka. Na kweli hakufika. Alitumwa peke yake gizani kuangalia kelele ilikuwa inatoka wapi, taa zikazimika, basi. Staa akaendelea na safari yake, nanyi mkaendelea kutafuna bisi. Hakuna aliyeuliza kama marehemu alikuwa na mama nyumbani.

Leo nataka ujue habari za mtu aliyekufa hivyo katika filamu moja baada ya nyingine, mpaka ikawa ndiyo kazi anayojulikana nayo. Anaitwa Dwight Frye. Huenda jina hilo hulijui, lakini kivuli chake umekiona mara nyingi. Unamkumbuka yule msaidizi wa mwanasayansi kichaa, mwenye kibiongo, anayechechemea na kupokea amri usiku kucha? Yuko kwenye katuni, kwenye matangazo, hata kwenye michezo ya video. Watu wengi humwita Igor. Kumbe katika filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, ile iliyomfanya msaidizi huyo ajulikane duniani, jina lake lilikuwa Fritz, na aliyemwigiza ni Frye. Yaani hata jina la mhusika wake watu wamelisahau wakampa la mwingine.

Frye alizaliwa mwaka 1899 mjini Salina, jimbo la Kansas nchini Marekani, akalelewa Denver, Colorado. Utotoni alisomea piano. Alipokua aliingia kwenye tamthilia, na miaka ya 1920 akawa anapanda majukwaa ya Broadway, New York, ambako hapakuwa mahali pa kubahatisha. Hakuwa mtu wa kuigiza vichaa tu. Alicheza vichekesho na tamthilia nzito vilevile. Mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa tamthilia ya Mwitaliano Luigi Pirandello kuhusu wahusika sita walioachwa na mwandishi wao, wakaja wenyewe jukwaani kudai hadithi yao imalizwe. Liweke akilini hilo, tutalirudia.

Baadaye alihamia Hollywood. Sinema zilikuwa zimeanza kutoa sauti, na waigizaji wa jukwaani waliojua kutumia sauti zao walitafutwa. Mwaka 1931 ukawa mwaka wake. Kwanza akaigiza Renfield katika Dracula. Renfield anaanza akiwa kijana nadhifu aliyesafiri kikazi tu hadi kwenye ngome ya Dracula, kutia saini karatasi za nyumba. Anatoka huko akiwa mtumwa anayekula nzi na buibui. Meli inapofika Uingereza, anapatikana chini ndani yake akicheka kicheko ambacho ukikisikia leo bado nywele zinakusimama. Mwishoni bosi wake mwenyewe anamnyonga na kumtupa ngazini.

Mwaka huohuo ikaja Frankenstein, iliyoongozwa na James Whale. Hapa ndipo nataka uangalie kwa makini, kwa sababu Fritz ni mfano kamili wa mhusika anayeletwa ili atumike kisha atupwe. Nani anayepanda mti wa kunyongea watu kukata kamba ya maiti? Ni Fritz, tena akiwa anaogopa waziwazi. Nani anayetumwa chuoni usiku kuiba ubongo? Fritz. Anashtuliwa na sauti, anaangusha chupa yenye ubongo mzuri, anabeba ule wa mhalifu na kunyamaza. Makosa yake ndiyo yanayosukuma hadithi, lakini sifa zote anachukua daktari.

Halafu kuna jambo dogo ambalo ukipepesa macho litakupita. Wageni wanabisha mlangoni usiku wa mvua, Fritz anashuka ngazi ndefu za mnara kuwafukuza, na wakati wa kurudi juu anasimama kidogo avute soksi yake iliyoshuka. Ni hilo tu. Lakini kwa sekunde hizo chache si pambo la filamu tena. Ni mtu, amechoka, ana baridi, na soksi yake imelegea. Mwigizaji mvivu asingehangaika na soksi ya mhusika anayekaribia kufa.

Sisemi Fritz ni malaika. Analitesa lile jitu kwa mwenge wa moto, na jitu linamuua. Ila jiulize, huyu aliyeishi akifokewa na bosi wake, siku alipompata mmoja aliye chini yake kuliko yeye, alifanya nini? Alimfanyia alivyozoea kufanyiwa. Frye hakupewa maneno ya kueleza hayo. Aliyaonyesha kwa macho na mabega.

Sasa linganisha watu wawili waliokuwa kwenye filamu hiyohiyo. Aliyeigiza lile jitu ni Boris Karloff, ambaye kabla ya hapo alikuwa amehangaika miaka mingi na vipande vidogovidogo vya filamu. Mwanzoni mwa Frankenstein hata jina lake halikuandikwa, iliwekwa alama ya kuuliza tu. Filamu ilitoka Novemba 1931, mwezi uleule Karloff alipotimiza miaka 44, na kuanzia hapo akawa staa hadi kifo chake mwaka 1969. Mlango ulimfungukia mmoja. Frye alibaki nje.

Si kwamba alikosa kazi. Alipata, lakini ileile. Mwaka 1933 katika The Vampire Bat aliigiza Herman, mtu wa akili pungufu anayependa popo. Kijiji kinaanza kupoteza watu, wanakijiji wanatafuta wa kumlaumu, na wanamkimbiza Herman mpaka anajirusha na kufa. Hakuwa na hatia yoyote. Mwaka 1935 Whale alimwita tena katika Bride of Frankenstein, akaigiza Karl, msaidizi mwingine wa kutumwa makaburini. Sehemu ya hadithi ya Karl ilikatwa kabla filamu haijatoka, na kwenye iliyobaki jitu linamtupa kutoka juu ya mnara. Ilipofika Son of Frankenstein mwaka 1939, alipewa nafasi ya mwanakijiji tu, na hata hiyo ikakatwa yote. Katika The Ghost of Frankenstein ya mwaka 1942 alikuwa tena mwanakijiji ndani ya umati.

Unaona mambo yalivyogeuka? Walioandika filamu walimwua mhusika wake kila mara, na wenye studio wakamfanyia mwigizaji vivyo hivyo, polepole. Hakufukuzwa. Alipunguzwa, kipande baada ya kipande.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Frye alikuwa na mke na mtoto wa kiume wa kulea. Akachukua kazi ya usiku katika kiwanda cha ndege, akibuni zana, na mchana akaendelea kutafuta nafasi za kuigiza. Hatimaye ikaja bahati. Alichaguliwa kuigiza Newton Baker, waziri wa vita, katika filamu kubwa kuhusu Rais Woodrow Wilson. Si mtumwa, si kichaa, si wa kutupwa ngazini, bali waziri, amevaa suti.

Hakuifikia. Novemba 7, 1943, baada ya kwenda sinema na familia yake, alianguka ndani ya basi huko Hollywood na kufariki kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 44, umri uleule Karloff aliokuwa nao alipogeuka staa. Kwenye cheti chake cha kifo, penye kazi ya marehemu, halikuandikwa neno mwigizaji. Iliandikwa mbunifu wa zana.

Miaka ilipita, na ajabu ni kwamba filamu zilizombana ndizo zilizomhifadhi. Mwaka 1971 Alice Cooper alitoa wimbo wenye jina lake. Wapenzi wa filamu za zamani wanamjua kwa ule uso, na kila msaidizi mwenye kibiongo unayemwona leo anatembea kwa miguu aliyoianzisha Frye.

Nimekwambia uweke akilini ile tamthilia ya wahusika sita waliodai hadithi yao imalizwe. Fritz hakuwahi kudai. Herman hakuwa na hatia, hakusikilizwa. Frye mwenyewe alitaka nafasi tofauti na ile aliyozoeshwa, na ilipokuja, muda ukawa umekwisha.

Kwa hivyo wikendi hii ukiweka filamu, na mwenzako akaonyesha kidole na kusema huyo hafiki mbali, mtazame huyo huyo. Usimtazame staa, yeye atakuwepo mpaka mwisho. Mtazame anayetumwa gizani. Angalia anavyoshika tochi, anavyosita mlangoni, anavyojifanya haogopi. Kuna mtu aliyekaa akafikiria hayo yote, akijua ana dakika tano tu kabla hajasahaulika. Na majina yakianza kupanda mwishoni, usikimbilie rimoti. Lisome la kwake.