Dogen wa Japani na swali la asili ya Buddha

Tunaishi duniani pamoja na watu wa dini nyingi, na ni vema kuzijua imani zao kwa ukweli, si kwa uvumi. Leo tunatazama maisha ya Dogen, mtawa wa Kibuddha aliyeishi Japani karibu miaka mia nane iliyopita. Tangu ujana wake alisumbuliwa na swali moja, na swali hilo lina ndugu yake hata katika makanisa yetu.

Dogen alizaliwa mwaka 1200 katika jamaa ya wakubwa huko Kyoto. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo sana, na alipofikia miaka saba hivi, mama yake naye akafa. Husimuliwa kwamba siku ya mazishi aliuangalia moshi wa ubani ukipanda na kupotea, akaelewa kwamba hakuna kinachodumu. Mwaka 1213 akawa mtawa kwenye mlima Hiei, makao makuu ya shule ya Tendai.

Huko watawa walifundisha kwamba kila kiumbe kina asili ya Buddha. Maana yake, uwezo wa kuamka na kuuona ukweli hauletwi kutoka nje. Upo tangu mwanzo. Wengine walizidi, wakasema mtu ameamka tayari, jinsi alivyo. Ndipo kijana akauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini mababa wa zamani walijitaabisha kwa kutafakari na kushika sheria za utawa? Wakubwa wake hawakumpa jibu la kumtosheleza. Akashuka mlimani, akaenda nyumba ya watawa ya Kenninji, na mwaka 1223 akavuka bahari kwenda China pamoja na mwalimu wake Myozen.

Somo la kwanza alilipata akiwa bado ndani ya meli bandarini. Mtawa mmoja mzee, mpishi wa nyumba yake, alikuja kununua uyoga wa Japani kwa ajili ya chakula cha wenzake. Dogen alimsihi alale ili wazungumze, akashangaa kwamba mzee wa umri ule anahangaika na sufuria badala ya kusoma na kutafakari. Mzee alicheka, akamwambia kwamba bado hajaelewa kazi ya utawa ni nini, kisha akaondoka akapike. Dogen hakumsahau. Mwaka 1237 aliandika kitabu kizima cha maagizo kwa wapishi wa watawa.

Baadaye alimpata mwalimu Rujing kwenye mlima Tiantong, aliyewakalisha watawa katika kutafakari usiku na mchana. Myozen alifia huko mwaka 1225. Miaka miwili baadaye Dogen alirudi nyumbani akibeba majivu yake, na jibu la swali lake pia.

Jibu lenyewe ni hili: kukaa katika kutafakari si njia ya kununua kuamka, ndiko kuamka kwenyewe kunakotendwa. Mwaka 1241 aliandika juu ya asili ya Buddha, akakataa wazo kwamba ni kama mbegu iliyofichwa ndani ya mtu ikingoja mvua. Kwake viumbe hawana tu asili hiyo. Kuwepo kwao kote ndiyo asili hiyo. Alipenda kusimulia habari ya mwalimu wa China aliyekuwa akijipepea. Mtawa alimuuliza kwa nini anajipepea wakati upepo upo kila mahali. Mwalimu hakujieleza kwa maneno mengi, akaendelea kujipepea.

Dogen alipinga pia waliosema kwamba ndani ya mwili kuna ufahamu usiokufa, unaotoka mwili unapokufa kama mwenye nyumba anavyoikimbia nyumba inayoungua. Kwake mwili na moyo ni kitu kimoja, na vyote vinapita.

Mwaka 1243 alihamia milima ya Echizen, akajenga nyumba ya watawa ambayo leo inaitwa Eiheiji. Alifariki Kyoto mwaka 1253. Shule ya Soto, inayomhesabu kuwa mwanzilishi wake Japani, ipo hata sasa.

Sisi hatukiri kama Dogen. Tunakiri kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, kwamba dhambi imemharibu, na kwamba wokovu hutoka kwa Mungu aliyetujia katika Kristo. Nasi hatungoji nafsi iukimbie mwili tu, tunangoja ufufuo. Tofauti hizo si ndogo, wala tusizifunike.

Lakini Mtume Paulo, katika barua kwa Warumi sura ya 6, alikutana na swali linalofanana: kama neema imekwisha kutolewa, kwa nini tujitaabishe kuishi maisha mapya? Wako waumini wanaosema wameokoka, kisha hawaombi, hawasamehe, hawamtembelei mgonjwa. Wako wengine wanaofanya hayo yote kama malipo ya kununua mbingu. Dogen, mbali na imani yetu, aliona hatari zote mbili katika nyumba yake. Tuzitazame katika yetu: ombi, msamaha na sufuria ya chakula cha mgeni si bei ya neema, ni neema ikifanya kazi.