David Sheldrick: Mlinzi wa mto unaotiririka hadi Malindi

Msafiri atokaye Matsangoni kuelekea kaskazini, akishaupita mji wa Malindi, hufika kwenye daraja la Mto Sabaki. Maji yale ya rangi ya udongo hutoka mbali. Mito ya Athi na Tsavo hukutana ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki ikawa Galana, na Galana ndio Sabaki yetu. Aliyeulinda mto huo kwa ajili ya wanyamapori kwa zaidi ya robo karne ni marehemu David Sheldrick.

Sheldrick alizaliwa nchini Misri mwaka wa 1919, akaletwa Kenya angali mchanga. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alikabidhiwa Tsavo Mashariki, sehemu ya mbuga iliyotangazwa mwaka wa 1948. Ilikuwa nyika kavu isiyo na barabara. Alipasua njia, na mwaka wa 1952 akajenga bwawa la Aruba katika Mto Voi, ambao hukauka wakati wa kiangazi.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama. Katika miaka ya 1956 na 1957 uliendeshwa msako mkali dhidi ya uwindaji. Walioumia ni Waata, wapiga upinde hodari ambao mababu zao waliwinda ndovu kandokando ya Galana kabla mipaka ya mbuga haijachorwa. Wengi walifungwa jela.

Mtihani mkubwa ulifika mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanasayansi Richard Laws alishauri maelfu ya ndovu wauawe, kwa kuwa walikuwa wakimaliza miti. Sheldrick alikataa, akiamini kwamba maumbile yangejisawazisha yenyewe. Ukame wa 1970 na 1971 uliangamiza maelfu yao, hasa majike na ndama. Wengi hawakufa kwa kiu bali kwa njaa: hawakuweza kuyaacha maji, na malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu uamuzi huo.

Mwaka wa 1976 alihamishiwa Nairobi, na mwaka uliofuata akafariki kwa maradhi ya moyo. Mjane wake, Daphne, aliyefariki mwaka wa 2018, aliendelea kuwalea ndovu yatima.

Maisha yake yanatuachia funzo sisi wa pwani, ambako Sabaki huwapa hifadhi viboko na ndege wa majini. Kuulinda mto si kuyalinda maji pekee. Ni kuzilinda pia kingo zake, malisho yake, na haki ya watu wanaoutegemea.